Mvua ikipiga mabati, paka wangu hujificha na kukojolea kitanda

"Habari daktari. Tunaishi Migosi hapa Kisumu, nyumba ya mabati isiyo na dari. Tuna paka dume wa miaka mitatu, watoto wanamwita Chui. Mvua ikikaribia, kama nusu saa hivi kabla, anaanza vituko. Anakimbia kutoka mlangoni hadi jikoni, anapanda pazia, anasimama ghafla na kunawa uso. Mvua ikishuka anaingia nyuma ya debe la unga na hatoki hata umwitie omena. Mwezi huu amekojolea kitanda chetu mara tatu, zote siku za mvua. Ikikatika anatoka kama vile hakuna kilichotokea, anakunywa maji ya dimbwi na kuacha yake safi ndani, kisha anakula kumbikumbi mpaka anatapika. Jirani anasema nimfungie nje siku moja ya mvua ili azoee. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Kakamega, anasema paka huvuta radi, nimtoe kabisa nyumbani. Mume wangu anacheka tu. Mimi nina wasiwasi. Ni tabia, ni ugonjwa, au nimemdekeza?"

Dada yangu, hujamdekeza, na Chui hana wazimu. Mbio, kunawa uso, kujificha, maji ya dimbwi na kumbikumbi ni mambo ya paka mwenye afya anayeishi chini ya mabati karibu na ziwa. La kitanda ndilo ninaloliweka kando, kwa sababu ni dume. Huenda ni mvua tu, na nitakueleza kwa nini nadhani hivyo. Lakini leo hii mtazame akienda kukojoa. Ukiona anachuchumaa na kujikamua na hakitoki kitu, au yanatoka matone mawili matatu tu, acha kusoma, mtie kwenye katoni umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Sababu yake nitaifikia. Kama mkojo unatoka kwa wingi wake wa kawaida, basi kaa tuzungumze.

Tuanze na ile nusu saa kabla ya mvua, maana ndiyo inayowashangaza wengi. Mvua nyingi za Kisumu huja na taarifa. Mchana kutwa nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, upepo wa ziwani huingia bara umebeba unyevu, hukutana na upepo wa mashariki na kupandishwa kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, na kufikia alasiri wingu jeusi limeshasimama. Wewe unaona giza kidogo na kukimbilia nguo kwenye kamba. Chui amepata habari zaidi yako. Upepo umegeuka na sharubu zake, ambazo mashina yake yamejaa neva, zimeshahisi. Pua yake imenusa udongo uliolowa kule ambako mvua imeshaanza. Harufu ile hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na hata pua zetu sisi huinasa ikiwa kiasi kidogo mno. Huko chini nako wadudu wameanza kutembea.

Halafu kuna lile giza lenyewe, ambalo watu hulisahau. Saa za paka za kuwinda ni alfajiri na magharibi. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na joto la Kisumu humlaza karibu mchana wote, hivyo alasiri inamkuta na nguvu tele mwilini. Wingu likifunika jua ghafla, mwanga unashuka ukawa kama wa machweo, hewa inapoa, na mwili wake unapokea amri ileile ya kila magharibi: inuka, kimbia, winda. Sebuleni hamna cha kuwinda, basi anawinda pazia. Ukiliona wingu, chukua kamba, ifunge kitambaa nchani, umkimbize nayo dakika kumi. Atachoka kidogo, na pazia lako litapona.

Kunawa uso ni jambo dogo. Mnyama akiwa njia panda, nusu anataka kwenda na nusu anataka kukimbia, mara nyingi hufanya kitu cha tatu kisichohusika. Mtu hukuna kichwa, paka hujilamba. Imani kwamba paka akinawa nyuma ya masikio mvua i karibu iko katika nchi nyingi, na walioianzisha walikuwa watu wenye macho makini. Ila paka huyohuyo hunawa hivyo akishakula, akiamka, akikaripiwa. Dalili za mvua anazisoma, tena mapema kuliko sisi, lakini hana habari za kesho.

Sasa mabati. Siku moja nilikuwa nyumbani kwa mteja karibu na Mumias, nyumba kama yenu, mvua ikatukuta ndani. Paka wake, jike mweupe mwenye baka la kahawia shingoni, alikuwa amelala kwenye kiti mbele yangu, nikapata nafasi ya kumtazama kwa karibu. Kabla mimi sijasikia lolote, sikio lake la kushoto liligeuka nyuma peke yake huku la kulia likibaki kwangu. Yakaja matone matano, sita, yakigonga bati moja moja, na masikio yakawa yanafuata kila tone: huku, kule, huku. Kisha mvua ikamwagika. Masikio yakayumba mara mbili tatu, yakakosa pa kuelekea, yakalala bapa kichwani, na mboni zikatanuka hadi macho yakawa meusi tupu. Akashuka, tumbo likigusa sakafu, akapotea chini ya kitanda. Yote hayo hayakuzidi dakika moja.

Kilichompata ndicho kinachompata Chui. Sikio la paka husikia kuanzia mitetemo kama 48 hadi 85,000 kwa sekunde, la binadamu huishia kwenye 20,000. Ule wembamba wa juu tusioufikia ndimo sauti za vitoto vya panya zilimo, na paka amejengwa kuzisikia kwenye nyasi na kujua zinatoka wapi hasa. Anaishi kwa masikio jinsi wewe unavyoishi kwa macho. Mvua kubwa ikipiga bati tupu, shuleni mwalimu huacha kufundisha kwa kuwa sauti yake haifiki dawati la pili. Chui anaisikia kelele hiyo kwa masikio makali kuliko yako, na ina ubaya wa pili unaozidi wa kwanza: inafuta sauti nyingine zote. Hajui nani anakuja, mbwa yuko wapi, mlango umefunguliwa au la. Ni kama wewe uzimiwe taa katika nyumba usiyoijua. Kukimbilia nyuma ya debe la unga, mahali penye ukuta pande tatu na upenyo mmoja wa kutazamia, ni akili timamu.

Na maji yenyewe? Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu. Huko Kupro yalichimbuliwa mabaki ya paka aliyezikwa kando ya mtu miaka kama 9,500 iliyopita, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2004, kwa hiyo ameishi nasi muda mrefu lakini koti lake halijabadilika sana. Manyoya laini ya ndani hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Yakilowa, hewa inatoka na baridi inaingia. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, naye hatumii nguvu ya ziada kujipasha pale tu hewa inapofika nyuzi 30 hivi. Jioni ya mvua ambayo wewe unaiona imepoa vizuri, kwake ni baridi. Watoto wa paka walio chini ya wiki nne bado hawawezi kujipasha vyema, na wakilowa wanaweza kufa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo naomba sana usiufuate ushauri wa jirani. Najua anautoa kwa nia njema, na wapo watu waliofunzwa kuogelea kwa kutupwa mtoni. Lakini paka mwenye hofu akifungiwa nje hajifunzi kwamba mvua haina neno. Anajifunza kwamba hofu yake ilikuwa na haki, na kwamba mlango aliokuwa akiutegemea haufunguki. Wengine hukimbia bila kuangalia njia, wakagongwa na boda au wakaingia chini ya gari na kupanda kwenye injini yenye joto. Mara inayofuata ataanza kuogopa wingu tu, kabla hata ya tone la kwanza.

Kuna kosa jingine ambalo limeenea, kwamba ukimbembeleza paka mwenye hofu unamfundisha uoga. Sivyo. Hofu si kazi anayoifanya ili alipwe. Akija mwenyewe kwenye paja lako, mfunike na leso umpapase polepole. Asipokuja, mwache alipo. Usimvute kwa miguu, usiwaruhusu watoto kumchungulia kwa tochi.

Unachoweza kufanya ni kumpa maficho bora kuliko nyuma ya debe. Chukua katoni, toboa mlango mmoja, tandika gunia au sweta kuukuu mliyoivaa bila kuifua ili iwe na harufu yenu, iweke chini ya kitanda au katika chumba ambacho bati lake liko mbali kidogo na sakafu. Mlishe humo siku za jua ili apajue kuwa pake. Washa redio kwa sauti ya chini mvua ikianza. Haitaizidi mvua, lakini sauti ya watu anayoizoea humpunguzia ule upofu wa masikio niliokueleza. Mkijaliwa fedha, hata dari ya mbao nyembamba juu ya chumba kimoja hupunguza kelele kwa kiasi ambacho ninyi wenyewe mtakishukuru. Ukipenda kumzoesha, fanya kinyume cha jirani: rekodi mvua kwenye simu, umchezee sauti hiyo siku kavu akiwa anakula, chini kabisa, dakika mbili. Ukimwona ameacha kula au masikio yamelala, umekwenda haraka mno. Punguza, endelea kesho. Hii huchukua wiki nyingi, na kuna paka ambao haiwasaidii sana. Kwao maficho yanatosha.

Jambo moja la hatari wakati huo wa baridi ni jiko la makaa. Paka huchelewa kuhisi joto kwenye ngozi kuliko sisi, kwa hiyo hulala karibu mno hadi sharubu zinajikunja na manyoya kubadilika rangi. Na nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya mvua, jiko likiwaka ndani, hujaa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomuua paka na kuwaua watu. Hilo nalisema kwa ajili ya watoto wako kuliko Chui.

Mama mkwe asionekane kama anasema ovyo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na kuanzia Kisii hadi Kakamega kuna familia zilizopoteza watu na ng'ombe kwa radi. Anayeiogopa radi huku ana sababu. Ila radi hutafuta njia ya kufika ardhini, na mara nyingi hupita kwenye kitu kirefu au kilichosimama peke yake: mti, mlingoti, mtu aliye katikati ya uwanja. Paka wa kilo nne aliyejikunja chini ya kitanda hana cha kuivutia. Ukimpapasa gizani manyoya hutoa cheche ndogo, na huenda hapo ndipo watu walipounganisha mambo haya mawili, lakini cheche hizo huja hewa ikiwa kavu na hupungua hewa ikijaa unyevu. Mwambie kwa heshima kwamba mtafanya yale yanayosaidia kweli: kuchomoa televisheni, kukaa mbali na madirisha na nyaya, kutojikinga chini ya mti. Chui abaki ndani.

Sasa kitanda.

Hukuandika anajisaidia wapi siku za jua, lakini kwa kuwa hukutaja karai la mchanga, nadhani ni nje, pengine kwenye tuta la sukuma wiki au pembeni ya ukuta. Paka huchimba, hukojoa, hufukia. Kwa hiyo anahitaji udongo mkavu uliolegea. Ikinyesha siku tatu mfululizo, udongo wa huku, hasa ule mweusi wa kuelekea Kano, unakuwa kama gundi. Unanata katikati ya vidole vyake na haufukii kitu. Mvua pia imesafisha harufu zote alizoziacha kuonyesha kwamba hapa ni kwake, hivyo akitoka anakuta kama uwanja wa mgeni. Basi anazuia. Mkojo wa asubuhi anaubeba hadi jioni, na jioni mvua inarudi. Mwishowe anatafuta mahali pakavu, laini, panapofyonza na kuchimbika, penye harufu ya watu anaowaamini. Blanketi lenu lina sifa zote hizo. Si kisasi, wala dharau. Ukimpiga au kumsugua pua kwenye mkojo utamwongezea hofu, na hofu ndiyo inayolileta tatizo, kama utakavyoona.

Mwekee karai ndani, pana, lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, kingo zisiwe juu sana. Ndani weka mchanga mkavu kina cha vidole vitatu. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa. Maranda ya seremala nayo yanafaa kama hayana vumbi wala harufu kali. Jaza ndoo mbili zenye mfuniko kabla ya masika ya Machi, maana mvua ikishaanza mchanga mkavu hutaupata. Karai lisiwe karibu na chakula wala chini ya bati linalovuja wala mahali ambapo kelele ni kubwa. Toa uchafu kila siku. Kama nyumbani kuna mjamzito, kazi hiyo aifanye mtu mwingine, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea cha toksoplasma, ambacho huanza kuambukiza kinyesi kikikaa siku moja au zaidi. Mkiweza wekeni makarai mawili, hata kwa paka mmoja. Wapo wanaokojoa hapa na kutaka kunya pale.

Blanketi na godoro vioshwe kwa maji baridi na sabuni ya unga, kisha siki iliyochanganywa na maji, kisha jua. Usitumie dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu.

Ukiona kwamba hachuchumai bali anasimama wima, mkia unatetemeka juu na mkojo unaruka ukutani, hiyo ni habari nyingine. Hapo anaweka alama, na dawa yake ya kwanza kwa dume ni kumhasi, kama bado.

Nimekuahidi sababu ya kuhangaikia dume. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno kwenye ncha. Kuna ugonjwa wa kibofu unaowapata paka wenye hofu au msongo: kuta za kibofu huvimba bila hata kijidudu chochote, mkojo unauma, unatoka kidogo kidogo, mara nyingine na damu. Paka anayezuia mkojo na kunywa maji machache hutoa mkojo mzito, na mkojo mzito hujenga chembe kama mchanga laini. Chembe hizo zikichanganyika na ute wa uvimbe hutengeneza kizibo, na kizibo kikikaa kwenye ile ncha, mkojo hautoki tena. Figo zinarudishiwa sumu, potasiamu inapanda katika damu, na moyo unaanza kuyumba. Ndani ya siku moja paka anaweza kuwa hoi, ndani ya mbili au tatu hufa.

Niliwahi kuletewa dume wa rangi ya majivu ndani ya katoni ya sabuni, msimu wa mvua kama huu. Wenye paka walikuwa wamemwona akichuchumaa na kulia kwa siku mbili wakadhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kupikia. Nilipomshika tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Tulipitisha mrija, mkojo ukatoka mwekundu, lakini alikuwa amechelewa. Walikuwa watu waliompenda, na hawakuwa na namna ya kujua. Wewe sasa unajua. Dalili ni kwenda na kurudi mahali pa kukojolea, kujikamua, kulia, kulamba sehemu zake muda wote, matone au damu, kutapika, kukataa chakula. Mojawapo kati ya hizo pamoja na mkojo usiotoka inatosha, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha.

Na usimpe kidonge cha maumivu cha watu ukingoja kukuche. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua.

Njia rahisi ya kumkinga ni maji. Omena kavu ni chakula kizuri lakini ni kikavu kweli. Ichemshe, umpe pamoja na supu yake, bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya paka. Mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, nao uchemshwe hivyo, utoe miiba. Hapo ndipo dimbwi linapoingia. Paka wengi hawapendi bakuli lililo kando ya chakula wala maji yenye harufu ya klorini ya mfereji, hivyo maji ya mvua kwao ni matamu. Kinga beseni safi la maji ya mvua, uliweke ndani mbali na chakula chake, uone. Dimbwi la uani lenyewe simpendelei, kwa kuwa limeoshea mkojo wa panya, mafuta ya pikipiki na dawa za bustani.

Kumbikumbi hawana ubaya. Sisi wenyewe watu wa magharibi tunawala, na kwa paka ni mafuta na protini zilizoruka hadi mlangoni. Anatapika kwa ajili ya mbawa na pupa. Zima taa ya nje nusu saa, watapungua.

Chura mwenye mabaka anayetoka na mvua ndiye mbaya kidogo. Ngozi yake ina sumu, na paka akimng'ata hutoa povu na kutikisa kichwa. Mpanguse ufizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa maji, mara nyingi. Akitetemeka au kuyumba, daktari.

Kinachonitisha zaidi msimu huu ni panya. Mashimo yao yakijaa maji wanaingia majumbani, na mtaa mzima unaweka sumu. Panya aliyekula sumu hutembea kilevi na hukamatwa kirahisi. Sumu nyingine humfanya paka atoe mate, atetemeke na mboni zake ziwe ndogo kama ncha ya sindano, ndani ya dakika au saa chache. Nyingine huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku tatu hadi tano: ufizi mweupe, uchovu, damu puani au kwenye kinyesi. Hii ya pili ina dawa, vitamini K, akiwahishwa. Zungumza na majirani wa ukuta mmoja mjue nani ameweka nini, na utunze pakiti, kwa sababu daktari atauliza jina la sumu kabla ya jambo lingine lolote.

Mabadiliko ya ghafla yasiyofuata mvua ni ya kutazamwa kwa namna yake. Paka mpole akianza kushambulia watu, kutoa mate, kushindwa kumeza, usimshike. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na chanjo yake ipo. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Uliyoyaeleza kuhusu Chui hayafanani na haya.

Kwa hiyo karai liwekwe leo. Lakini mara tatu katika mwezi mmoja, kwa dume, ni nyingi kiasi cha kunifanya nitake mkojo wake upimwe hata akianza kulitumia karai kesho. Kuupata si kazi ngumu. Jioni moja mwekee karai lililooshwa lenye kokoto ndogo safi badala ya mchanga. Akikojoa, mimina mkojo kwenye chupa iliyochemshwa na kukaushwa, uufikishe kwa daktari pamoja na Chui mwenyewe ndani ya saa mbili tangu alipokojoa. Mbebe ndani ya katoni iliyofunikwa na leso, ili safari ya boda isimwongezee hofu. Chukua pia karatasi uliyoandika tarehe na saa ya kila mara alipokojolea kitanda, wingi wake, na kama mvua ilikuwa ikinyesha au imekatika. Paka mwenye hofu hukaza tumbo mezani na kuficha mengi, lakini karatasi hiyo daktari atakayemshika ataisoma kwa utulivu.